Sentensi Niliyoisema Juu ya Baba Sakina

Yaya wangu Zaituni, dada yangu mkubwa,

Ninakusalimu kabla hata sijavua koti, maana nikikaa kwanza nitasinzia, na barua hii nimeiahirisha mno. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza ukishuka kwenye mtumbwi wa pirogi? Shemeji Ramazani bado anatengeneza baiskeli za watu pale kando ya barabara, au mvua imekwisha kukiangusha kile kibanda chake? Na Mama Nyota, mama mkwe wangu, leo amekula? Ninaamka na swali hilo kila asubuhi, na ninaogopa jibu lake kabla hujanipa.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Kazi ni ile ile, kufua na kukunja mashuka ya hoteli, na sabuni imenikausha mikono hadi ngozi inapasuka kwenye vidole. Baridi ya huku Kanada imeingia mapema. Chumba changu kiko chini, nusu ndani ya ardhi, kwa hiyo dirishani huwa ninaona viatu vya wapita njia tu, na sasa theluji imeziba hata viatu. Ninakueleza ili ujue ninakoandikia, silalamiki.

Nimeona niandike kwa sababu kwa simu hatuwezi. Tukianza, wewe unalia, mimi ninalia, halafu rezo ya simu inakatika. Na kila mara unaniuliza jambo moja: “Mwamini, ilikuwa namna gani ukasema Salumu amekufa?” Nami ninakujibu vipande vipande. Leo nataka nikupe yote kwa mfuatano, kisha umweleze Sakina, maana mwanangu hapokei tena simu yangu.

Asubuhi ile walipomchukua mume wangu, wewe ulikuwa ndani na mtoto, ya nje hukuyaona. Unakumbuka hali ya Kindu, mji wetu, wakati ule wa vita. Askari walikuwa mjini, wapiganaji porini, sisi katikati. Mashamba ya ng'ambo ya mto hatukuyafikia tena, treni ilikuwa imekufa, na tulikula majani ya muhogo bila mawese, bila chumvi. Salumu alikuwa akisukuma baiskeli hadi Kibombo kutafuta mpunga, mpaka njia ile nayo ikafungwa. Sakina alikuwa na surua, macho yamevimba, hajui hata kusimama vizuri.

Salumu alikuwa anapasua kuni. Askari waliingia uani bila kubisha, wakamwona, na mmoja akasema, “Wewe mwenye mabega, toka.” Walikuwa wanatafuta watu wa kubeba makasha ya risasi kwenda upande wa Pangi. Salumu aliliegemeza shoka ukutani polepole sana, ili wasije wakadhani vingine. Akawaambia, “Niko na mutoto mugonjwa.”

“Sisi wote tuko na batoto,” askari akamjibu.

Aliomba avae kandambili zake, wakamkatalia. Akanigeukia mimi. “Usinifuate. Chemsha maji, umupanguse mutoto macho. Kesho kutwa niko narudi.” Kisha wakamtoa. Alikwenda miguu mitupu, na hakugeuka, nadhani kwa sababu walimkataza.

Siku aliyoitaja ikapita, na nyingine nyingi. Aliyerudi ni Papa Kalonda, jirani yetu, naye alikuwa amechukuliwa asubuhi ile ile. Mabega yake yalikuwa vidonda vitupu, wewe ndiye uliyemwosha. Maneno yake ninayo mpaka leo: “Tulifika ku ule muto mudogo, mbele ya Pangi. Salumu aliweka kasha chini. Alisema miguu imekataa. Askari akamupigia makelele, na sisi wengine wakatusukuma twende. Bunduki nilisikia, lakini siku ile bunduki zilikuwa zinalia kila pahali. Siwezi kusema njo yeye.”

Njo nilipojifunga kitenge nikakuambia ninakwenda kumtafuta. Ulininyang'anya mtoto mgongoni, ukasema, “Nenda basi, mutoto niko naye, lakini rudi mbio.” Nilifika hadi mto ule. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliniambia wameona wanaume wengi wakipita na makasha, hawawezi kujua yupi ni yupi. Nilitembea ukingoni huku na huku, nikaita jina lake mpaka wakaniomba ninyamaze, nisije nikawaletea askari. Kisha mapigano yakaja nyuma yangu na njia ya kurudi Kindu ikafungwa. Watu walikimbilia mashariki, nami nikakimbia nao. Msitu, milima, ziwa, halafu kambi ya wakimbizi Tanzania. Hayo ya njiani nilikusimulia zamani, leo nayapita.

Vita vilipopoa nilitaka kurudi, nawe ulinikataza. Ulisema Kindu watu wenyewe wanatafuta pa kutokea, ningoje safari ya ng'ambo kwa kuwa jina langu limekwisha kuandikwa, kisha nimvute mtoto. Tukakubaliana. Hatukujua kwamba kungoja kwenyewe kungekuwa kurefu hivi.

Sasa sikiliza jambo lilipoharibikia.

Kule kambini walinihoji. Mzungu mmoja aliuliza kwa Kiingereza, na kijana mmoja akatafsiri. Nilieleza kwa pumzi moja, kwa lugha yetu, kama ninavyokuandikia wewe: mume wangu aliondoka alipochukuliwa na askari waliokuja kutafuta wabebaji, na mtoto nilimwacha kwa dada yangu nilipokwenda kumfuata baba yake. Kijana wa watu alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, na foleni nje ilikuwa inazunguka jengo. Alitafsiri kwa maneno machache sana. Niliona ni machache. Nikafikiri, kumbe Kiingereza ni lugha fupi.

Miaka ikapita, nikaletwa huku, na nilipopata haki ya kuomba Sakina aletwe nikaomba. Mama mmoja wa ofisi ya uhamiaji akaniita. Mtafsiri alikuwa kwenye simu, sauti tu. Yule mama akasema, “Mume wako alikuacha. Halafu askari wakaja. Mtoto akabaki na jamaa. Sasa mume wako anaishi wapi? Lazima baba akubali kwa maandishi kwamba mtoto asafiri.”

Nikasema hakuniacha.

“Wewe mwenyewe ulisema aliondoka,” akanijibu. Hakuwa mkali. Alinieleza pia kwamba Sakina lazima akubaliwe kabla hajawa mtu mzima, la sivyo mlango unafungwa, naye alikuwa amekaribia. Nilitoka pale bila kuelewa nimekosea wapi. Nilijua nilichosema kambini. Nilikuwa na hakika nacho kama nilivyo na hakika na jina langu. Iweje maneno yangu yawe yale yale, na Salumu atoke upande wa pili akiwa mwanamume aliyemtupa mke na mtoto mgonjwa?

Jibu nililipata darasani. Nilikuwa nimeanza kusoma Kiingereza jioni baada ya kazi, katika maktaba ya mtaa huu. Mwalimu wetu ni mama mzee aliyestaafu, anaitwa Doroti, anavaa sweta mbili moja juu ya nyingine na anacheka mwenyewe kabla ya wengine. Siku hiyo alitufundisha sentensi nyepesi na sentensi changamano. Utacheka, yaya, kwa kuwa hayo ndiyo tuliyoyakariri kwa Kifaransa kule shuleni, na wewe ndiye uliyekuwa unanisahihisha tukiosha vyombo. Mimi sikuona faida yake kamwe.

Doroti akaandika ubaoni: “The river rose.” Mto ulijaa. Chini yake: “The people left.” Watu waliondoka. Akasema kila moja ni sentensi nyepesi, ina mtendaji na kitendo, inasimama kwa miguu yake. Halafu akaziunganisha kwa neno dogo mbele, “when”: mto ulipojaa, watu waliondoka. Sasa, akasema, ile sehemu yenye “when” haiwezi tena kusimama peke yake. Mtu akikuambia “mto ulipojaa” kisha akanyamaza, wewe unamngojea amalize. Inategemea mwenzake. Zikiwa pamoja hivyo, ni sentensi changamano. Akatupa na maneno mengine ya kazi hiyo: “because” kwa sababu, “although” ingawa, “who” kwa mtu ambaye.

Nikanyoosha mkono. Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea, lakini niliuliza, “Mwalimu, na nikiliondoa hilo neno?”

“Unabaki na mambo mawili yaliyotokea,” akasema. “Msomaji atayaunganisha anavyotaka yeye. Na mara nyingi atadhani la kwanza kutajwa ndilo la kwanza kutokea.”

Yaya, kumbe! Njo vile! Mume aliondoka. Askari walikuja. Yule kijana hakusema uongo, kila kipande ni kweli. Alidondosha tu neno la katikati. Kwetu huwezi kulidondosha, kwa kuwa limo tumboni mwa kitenzi chenyewe: alipochukuliwa, waliokuja, nilipokwenda. Ukilitoa, kitenzi kinavunjika na kila mtu anasikia. Kwa Kiingereza limesimama nje, peke yake, na mtu aliyechoka anaweza kulisahau na sentensi zikabaki nzima, safi, hazina kosa hata moja. Salumu alipotelea mle.

Watu wengine darasani walikuwa wanaandika mifano yao, mvua iliponyesha nilifungua mwavuli, na kadhalika. Mimi niliinamisha kichwa mezani. Doroti akadhani ninaumwa.

Baadaye nilimweleza kwa Kiingereza kile kile cha kuchechemea. Tangu siku hiyo alikuwa anakaa nami kila Jumamosi kwenye meza ya pembeni pale maktaba. Nilimwomba aniandikie, akakataa. “Sentensi ni yako,” akasema, “nikiandika mimi, wakikuuliza swali la pili utaanguka.” Kwa hiyo niliandika na kufuta. Niliweka “because” mahali pa “so” na kumfanya Salumu awe ndiye aliyewaleta askari. Niliweka “who” mahali pabaya, na makasha yakawa ndiyo yaliyombeba yeye. Siku nyingine tulicheka. Kuna Jumamosi moja nilipoipata yote, nikamsomea: mume wangu hakuniacha, askari walimchukua kwa sababu walitaka wanaume ambao wangeweza kuwabebea makasha, na ingawa aliwaambia kwamba mtoto ni mgonjwa, hawakumsikiliza.

Doroti alianza kunionyesha kwa kidole, hapa ndipo penye sentensi kuu, hapa ndipo penye “because”, na ndani yake tazama “who”. Alifurahi kama mzazi. Kisha kidole kikasimama. Alikuwa amesahau kuyasoma maneno yenyewe. Akauliza, “Mwamini, hii ni kweli?”

“Ni kweli.”

Akavua miwani, akaishika tu mkononi. Siku hiyo hatukuendelea.

Nilirudi ofisini kwa yule mama. Walinipa mtafsiri, nikamkataa kwa adabu. Nikasema sentensi yangu. Niliifikisha hadi mwisho, na neno la katikati halikuanguka. Aliandika, akanitazama, akasema, “Asante. Sasa nimeelewa kwamba hakukuacha. Nitasahihisha.”

Nilidhani tumemaliza.

Akauliza, “Kwa hiyo yuko hai?”

Nilikuwa na jibu nililoliandaa. Nikamwambia, mume wangu, ambaye alionekana mara ya mwisho alipoweka kasha chini karibu na mto, hakurudi.

“Sentensi yako ni nzuri,” akasema, na nadhani alisema kwa moyo mweupe. “Lakini haijaniambia kama yuko hai. Kama yuko hai, nahitaji ridhaa yake. Kama amekufa, nahitaji uamuzi wa mahakama ya kwenu. Sina mahali pa mtu aliye katikati.”

Sina mahali pa mtu aliye katikati. Yaya, sisi tumemweka katikati miaka yote hii! Wewe hukuwahi kusema “marehemu Salumu”, ulisema “Salumu” tu. Mama Nyota anakunja suruali zake kila mvua zikianza, zisiingie ukungu. Mimi kambini nilikataa wanaume wawili wazuri kwa neno moja, nina mume. Hatukukubaliana kuyafanya hayo, tulijikuta tunayafanya. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza kuunganisha, na sasa huyu mama alikuwa ananiomba jambo moja tu, bila kiunganishi, lisimame kwa miguu yake.

Nilimfikiria Sakina na ule mlango unaofungwa. Nikasema, “My husband is dead.” Mume wangu amekufa.

Akaandika. Nilisikia vidole vyake kwenye mashine, haikuchukua muda wowote. Nami nilijisikia kama nimetoka uani kwetu na kuwaonyesha wale askari mlango wa kuingilia.

Yaliyofuata ni yenu, wewe uliyabeba. Wewe ndiye uliyekwenda kwa Mama Nyota na kukaa naye chini. Wewe ndiye uliyemshawishi Papa Kalonda aje mahakamani kusema aliyoyaona. Ulivyonisimulia siku ile ya hakimu, bado ninaiona kama nilikuwepo. Hakimu anamuuliza mama mkwe, “Mama, mutoto yako amekufa?” Anaulizwa tena. Anasema, “Andika vile munataka.” Na hakimu, bila ubaya, “Siwezi, mama. Lazima useme wewe.” Akasema. Ulisema alilitamka kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mchele, kisha akataka kusimama na miguu ikamkatalia.

Halafu matanga, hitima, watu wamejaa uani kwa kifo ambacho kila mtu alikuwa amekijua na hakuna aliyekisema. Ulinishikia simu nisikie wanavyosoma. Nilikuwa chumba cha kufulia, mashine zinaguruma, sikusikia hata neno, lakini sikukuambia.

Karatasi ilifika. Yule mama wa ofisi aliniita mwenyewe kwa furaha. Sakina amekubaliwa, na aje kabla ya siku waliyoweka. Nikampigia mwanangu mara ile ile, nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi.

Akaniambia, “Mama, sitakuja.”

Nilidhani rezo. Nikamwambia arudie.

“Bibi hakuli,” akasema. “Tangu tribinali ya ule hakimu hakuli. Anakunywa chai tu, na ni mimi njo ninamupa. Kama niko naenda, nani atabaki naye?”

Nikamwambia Mama Zaituni yupo. Nikamwambia kwamba nafasi hii haitarudi, akipitisha siku ile atakuwa mtu mzima na hawatamtaka tena. Nikamwambia nimeingoja miaka yote aliyo nayo duniani. Yaya, nilipaza sauti, watu wakanitazama.

Alingoja nimalize. Ana subira kama baba yake. Halafu akasema, “Wewe ulisema papa amekufa ili mimi nikuje. Sasa bibi njo anakufa kwa ile neno. Siwezi kupanda ndege juu ya ile.”

Akakata. Tangu hapo hajapokea.

Sikukasirika, usimgombeze. Nilikaa kwenye ngazi hadi baridi ikanitoa. Nilitafuta jibu, na kila nililoanza lilianza na “kwa sababu”, na kila “kwa sababu” ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ambayo ingemfanya Mama Nyota afungue kinywa ale. Nilimweleza Doroti Jumamosi iliyofuata. Hakunifundisha kitu. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, tukakaa.

Basi hili ndilo ninalokuomba, yaya. Usimlazimishe Sakina. Najua umeanza, najua Shemeji naye amemsemesha, najua mnaona ninaumia. Nyamazeni. Siku waliyoweka itafika na itapita, nami nitakwenda kazini kama siku nyingine. Huyu mtoto umemlea wewe, na umemlea vizuri, maana mtu aliyelelewa vibaya angepanda ndege. Mwambie tu kwamba sikumuua baba yake. Mwambie asubuhi ile aliagiza maji yachemshwe kwa ajili ya macho yake yeye, na kwamba niliyachemsha. Hilo hakuwahi kuambiwa.

Nami nimeingia eda. Nilimuuliza shehe wa msikiti wa huku, akasema inahesabiwa tangu hakimu alipotamka. Nimevua hereni, sipaki manukato, sitoki ila kazini na kurudi, kwa kuwa hakuna wa kunilisha nikikaa ndani. Wenzangu kazini hawaelewi mbona nimebadilika. Mmoja aliuliza kama ninaumwa. Ni ajabu kumlilia mtu leo kwa jambo la zamani vile. Machozi yanakuja nikiwa ninakunja mashuka, bila sababu, kisha yanakauka yenyewe kwa joto la mashine.

Ulinieleza mara ya mwisho kwamba mama mkwe amesema neno moja tu wiki nzima: “Kama amekufa, munionyeshe pahali.” Mkaona amechanganyikiwa, mkamnyamazisha. Mimi nadhani ana akili kutushinda sote. Yaya, mpelekeni. Papa Kalonda anapajua, ingawa hataki kurudi kule. Mwambie nimemwomba mimi, Mwamini, na kwamba hakuna anayemdai maneno zaidi ya yale aliyoyasema mahakamani, aonyeshe tu. Shemeji Ramazani atafute pikipiki isiyorusha, wamfunge mama na kitenge nyuma ya dereva asianguke. Sakina aende naye. Wapeleke mikeka, wapeleke maji, na chakula kidogo, kwa sababu nadhani akishapaona atakula. Sijui. Nadhani.

Nisalimie Shemeji Ramazani, aliyemfundisha mwanangu kuendesha baiskeli wakati sikuwepo. Nisalimie Papa Kalonda, jirani mwenye mabega yale yanayomsumbua hadi leo, asiache kupaka dawa. Nisalimie Mama Feza wa nyumba ya pili, aliyetupa maziwa ya mbuzi siku za surua. Mama Nyota, mama mkwe wangu, mshike mikono miwili, usimwambie kitu. Na Sakina, mwanangu na mwanao, mwambie salamu zangu hazina sharti.

Wewe, yaya, jifunike vizuri msimu huu wa mvua na ulipumzishe goti. Ninakuomba uniweke katika dua zako kama ninavyokuweka katika zangu, kila ninapoinua kichwa kutoka sakafuni.

Mtakapofika mtoni, nipigieni. Wanasema siku hizi rezo inashika hadi kule. Hata kama Sakina hataki kusema nami, mwambie asiseme, aishike tu simu wazi karibu na ukingo kwa muda kidogo, nami huku nisikie maji.

Ni mimi mdogo wako,
Mwamini